Herufi Tatu kwa Lugha Moja: Asili ya Majina Mafupi ya Lugha za Ngara na Biharamulo katika Mifumo Endeshi ya Kompyuta

Ikisiri

Majina mafupi yaliyomo katika msimbo chanzo wa mifumo endeshi ya kompyuta aghalabu huelezwa kuwa zao la ubanifu wa kiufundi: mashine za awali zilikuwa na nafasi ndogo, hivyo maneno yakakatwa. Makala haya yanaonesha kwamba maelezo hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi pale jina linalofupishwa linapokuwa jina la lugha. Kwa kutumia mfano wa lugha za wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, yaani Kihangaza, Kishubi na Kisubi, zikilinganishwa na Kirundi, Kinyarwanda na Kiswahili, makala yanafuatilia njia iliyovifikisha vitambulishi vya lugha hizo ndani ya kompyuta. Hoja kuu ni kwamba ubanifu wa mashine ndio uliodai jina liwe fupi, ilhali mipaka ya kikoloni, hesabu za maktaba na orodha za wamisionari ndizo zilizoamua lugha ipi ipate jina lipi na lini. Makala yanahitimisha kwa kujadili nafasi ya wanaisimu wa Tanzania katika kuyasahihisha na kuyatumia majina hayo.

Maneno makuu: vifupisho, vitambulishi vya lugha, mifumo endeshi, Kihangaza, Kishubi, Kisubi

1.0 Utangulizi

Daraja la Rusumo, juu ya mto Kagera, linaunganisha wilaya ya Ngara na nchi ya Rwanda. Kompyuta iliyoandaliwa kwa ajili ya mtumiaji wa upande wa Tanzania huweza kubeba vifupisho vitatu: sw kwa lugha, TZ kwa nchi na EAT kwa saa. Ng'ambo ya daraja vifupisho hivyo huwa rw, RW na CAT. Kwa herufi chache tu, mashine hujua iandike tarehe kwa mtindo gani, itaje siku kwa majina yapi na isogeze saa kwa kiasi gani. Hata hivyo, mkazi wa Ngara anayevuka daraja hilo kwenda sokoni huenda nyumbani kwake huzungumza Kihangaza au Kishubi, na hakuna hata kimoja kati ya vifupisho hivyo sita kinachozitaja lugha hizo.

Kutotajwa huko hakutokani na kukosa majina. Kihangaza kina kitambulishi han, Kishubi kina suj, na Kisubi cha Biharamulo kiliwahi kuwa na xsj, ambayo baadaye iliunganishwa na suj. Vitambulishi han na suj vimo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 639-3, na vinakubalika katika kanuni zinazofuatwa na mifumo endeshi. Maswali yanayojibiwa na makala haya ni matatu. Je, kwa nini mifumo endeshi hutumia majina mafupi kiasi hicho? Je, ni nani aliyezichagua herufi hizo kwa ajili ya lugha za Ngara na Biharamulo? Je, kwa nini Kirundi na Kinyarwanda vina herufi mbili ilhali jirani zao wa karibu kabisa kiisimu wana tatu?

2.0 Chimbuko la Ufupi

Desturi ya kufupisha majina katika mifumo endeshi ya leo ilipata nguvu katika mfumo wa Unix, ulioanzishwa na Ken Thompson na Dennis Ritchie katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1969. Watayarishaji wake walifanya kazi kwa teletaipu, yaani mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa na kompyuta. Teletaipu ya Model 33 ilichapa herufi 10 tu kwa sekunde, na kila jibu la kompyuta lilitoka kwenye karatasi. Katika mazingira hayo kila herufi iliyopunguzwa ilikuwa nafuu kwa kidole na kwa muda. Ndipo amri ya kuorodhesha faili ikawa ls, ya kunakili cp, na ya kuhamisha mv. Jina la teletaipu yenyewe lilibaki katika msimbo kwa umbo la tty, na linatumika hadi leo ingawa mashine hizo zimekwisha kutoweka maofisini.

Sababu ya pili ilikuwa nafasi ya kuhifadhi. Kwa miaka mingi, kila jina la faili katika saraka ya Unix lilitengewa baiti 16: mbili zilibeba namba ya faili na 14 zilibeba jina. Sababu ya tatu ilitokana na programu za kuunganisha vipande vya msimbo, ambazo zilitambua herufi chache za mwanzo za kila jina. Hata kiwango cha lugha ya C cha mwaka 1989 kilitoa uhakika wa herufi sita za kwanza tu kwa majina yanayotumika baina ya faili mbalimbali. Mtayarishaji makini alihakikisha kwamba tofauti ya majina yake inaonekana ndani ya herufi hizo sita.

Hata hivyo, si kila ufupisho una sababu ya kiufundi inayoweza kuthibitishwa. Mfano mashuhuri ni jina creat, linaloita huduma ya kuunda faili. Neno la Kiingereza lililokusudiwa lina herufi sita, hivyo lingetosha bila kukatwa. Thompson alipoulizwa baadaye angebadili nini kama angeutengeneza Unix upya, alijibu kwamba angeliandika jina hilo kwa kuongeza e. Jibu hilo la mzaha lina funzo la kihistoria. Jina likishaingia katika msimbo, na programu nyingine zikishalitegemea, haliondoki hata mwenyewe akilijutia. Sababu ya ufupi hupita, lakini ufupi wenyewe hubaki.

Mbinu zilizotumika kufupisha zinastahili pia kuangaliwa kwa jicho la fonolojia. Majina kama usr, mv, cp na passwd yamepatikana hasa kwa kudondosha irabu. Mbinu hii hufaa katika Kiingereza, ambacho kina silabi funge nyingi na mifuatano mingi ya konsonanti, kiasi kwamba konsonanti zilizobaki huweza kumrejesha msomaji kwenye neno zima. Katika Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu, zenye silabi wazi, irabu hubeba mzigo mkubwa zaidi wa utofautishaji. Ukidondosha irabu, kaka, kuku, keki na koko yote huwa kk. Ndiyo maana Kiswahili, kinapojiundia vifupisho chenyewe, huelekea kuhifadhi silabi, kama inavyoonekana katika BAKITA, TATAKI, UKIMWI na TAKUKURU. Vifupisho hivi hutamkika na huingia katika sentensi kama nomino za kawaida. Kwa hiyo, mapokeo yaliyozipatia lugha za Kagera majina yake ya kompyuta yalitoka nje ya taratibu za lugha zenyewe.

3.0 Ngara na Biharamulo: Tawala, Mipaka na Majina

Kabla ya ukoloni, eneo linalojadiliwa halikuwa na mpaka wa kitaifa wa kulitenga na Burundi na Rwanda. Katika Ngara ya leo kulikuwa na Bugufi, nchi ya Wahangaza, iliyofungamana na ufalme wa Burundi, na Bushubi, nchi ya Washubi, iliyokuwa na watawala wake. Upande wa Biharamulo kulikuwa na Rusubi, utawala uliotokana na kugawanyika kwa ufalme wa Wazinza. Rusubi ndiyo iliyokuwa chini ya mtawala Kasusura Wajerumani walipojenga boma lao Biharamulo.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Uingereza na Ubelgiji ziligawana iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Makubaliano ya mwaka 1919 baina ya Alfred Milner na Pierre Orts yaliiweka Ruanda-Urundi chini ya Ubelgiji na Tanganyika chini ya Uingereza. Eneo la Gisaka, lililokuwa limekatwa kutoka Rwanda, lilirudishwa upande wa Ubelgiji katika miaka ya 1920. Bugufi haikurudishwa Burundi. Kwa uamuzi huo, wasemaji wa Kihangaza wakawa Watanganyika, na baadaye Watanzania, ilhali wasemaji wa Kirundi waliokuwa wakielewana nao bila mkalimani wakawa raia wa nchi nyingine.

Kiisimu, uhusiano huo haukufutika. Guthrie, katika uainishaji wake wa lugha za Kibantu wa mwaka 1948 na katika kazi yake ya mwaka 1967–1971, aliziweka lugha hizi katika kundi moja la D60: Kinyarwanda D61, Kirundi D62, Kishubi D64, Kihangaza D65 na Kiha D66. Wataalamu wa Tervuren walipounda kanda ya J, kundi hilo lilihamia huko likiwa zima, na maandishi ya sasa hutumia JD62, JD64 na JD65. Kizinza, jirani wa upande wa ziwa, kimo katika kundi jingine, la Kihaya, kwa namba E23.

Namba za Guthrie nazo ni majina mafupi, na wanaisimu wa Kibantu huzitumia kila siku. Zina sifa moja ambayo itakuwa muhimu katika sehemu zinazofuata: zinaonesha ujirani. Anayeiona D65 kando ya D62 hutambua mara moja kwamba lugha hizo mbili ni za nyumba moja. Udugu huo umo ndani ya jina lenyewe.

4.0 Kutoka Kabati la Maktaba hadi Orodha ya Wamisionari

Namba za Guthrie hazikuingia katika mifumo endeshi. Vitambulishi vilivyoingia vilitoka katika vyanzo viwili ambavyo havikuwa na lengo la kuhudumia kompyuta za watu wa kawaida.

Chanzo cha kwanza ni maktaba. Katika miaka ya 1960, Maktaba ya Bunge la Marekani ilianza kuandaa kumbukumbu za vitabu zinazoweza kusomwa na mashine, na kila lugha ya kitabu ikahitaji alama fupi. Orodha hiyo ya herufi tatu ndiyo iliyokuwa msingi wa kiwango cha ISO 639-2 cha mwaka 1998. Kigezo cha kuingizwa kilikuwa cha kimaktaba: lugha ilipaswa kuwa na hati 50 tofauti zilizohifadhiwa na taasisi. Kiswahili kilipata swa, Kirundi run, Kinyarwanda kin na Kisukuma suk. Lugha za Kibantu ambazo hazikufikia kiwango hicho ziliwekwa pamoja chini ya alama moja, bnt. Kihangaza, Kishubi, Kisubi, Kizinza na hata Kihaya, chenye wasemaji wengi, vyote vilikuwa bnt. Idadi ya wasemaji haikuwa kipimo, kwani kilichohesabiwa ni vitabu vilivyokuwa rafuni.

Chanzo cha pili ni Ethnologue, orodha ya lugha za dunia iliyoanzishwa na Richard Pittman wa shirika la SIL mwaka 1951 kwa ajili ya kazi ya kutafsiri Biblia. Toleo la kwanza lilikuwa na kurasa kumi tu. Mwaka 1971 orodha hiyo ilianza kuhamishiwa kwenye kompyuta katika Chuo Kikuu cha Oklahoma kwa uongozi wa Joseph Grimes, na kila lugha ikapewa herufi tatu. Vitambulishi hivyo vilichapishwa kwa mara ya kwanza katika toleo la kumi, mwaka 1984. Tofauti na maktaba, wamisionari hawakuuliza kama lugha ina vitabu. Walitaka kujua ni lugha zipi bado hazina kitabu hata kimoja. Kwa sababu hiyo, orodha yao ilizifikia lugha za Ngara na Biharamulo mapema kuliko orodha za serikali na za maktaba.

Herufi tatu za alfabeti ya Kilatini hutoa michanganyiko 17,576, na lugha za dunia ni zaidi ya 7,000. Nafasi ipo, lakini jina linalopendeza huwa tayari limechukuliwa na mwingine. Leo shu ni kitambulishi cha Kiarabu cha Chad, kinachoitwa pia Shuwa, na sub ni cha Kisuku cha Kongo. Kishubi kina suj, chenye j isiyokuwamo katika jina la lugha. Kiha, jirani wa kusini, kina haq, chenye q isiyotumika katika tahajia yake. Kinyambo cha Karagwe kimepata now na Kihaya kimepata hay, ambayo yote ni maneno ya kawaida ya Kiingereza, kiasi kwamba anayevitafuta katika msimbo chanzo hukutana na vichaka vya matokeo yasiyohusika. Kihangaza kimepata han, lakini katika kanuni za Unicode neno hilohilo ni jina la mwandiko wa Kichina. Hakuna aliyekusudia kuzidhalilisha lugha hizi. Majina yaligawiwa kwa kufuata nafasi iliyosalia, na yakabaki kwa kanuni ileile iliyolibakiza creat.

5.0 Herufi Mbili na Herufi Tatu

Kiwango cha kwanza cha ISO 639, cha mwaka 1988, kilitumia herufi mbili. Kililenga lugha zenye istilahi na machapisho mengi, na michanganyiko ya herufi mbili ni 676 tu. Kiswahili kilipata sw, Kinyarwanda rw na Kirundi rn. Nyaraka zilizoweka kanuni za kutaja lugha katika mtandao wa intaneti, kuanzia RFC 1766 ya mwaka 1995, ziliegemea herufi hizo mbili, na mifumo endeshi ikafanya vivyo hivyo. Jina la faili linaloiambia mashine desturi za lugha na nchi likawa na umbo la sw_TZ, sw_KE au rw_RW.

Vitambulishi vya herufi tatu kwa lugha zote vilichelewa. ISO 639-3 ilichapishwa mwaka 2007, SIL ikiwa ndiyo mamlaka ya usajili, na viliruhusiwa rasmi katika intaneti kwa RFC 5646 ya Septemba 2009. Kwa hiyo, pengo la miaka zaidi ya 20 linatenganisha siku Kirundi kilipopata jina linaloweza kutumiwa na mashine na siku Kihangaza kilipolipata. Pengo hilo haliwezi kuelezwa kiisimu. Kirundi kilikuwa lugha ya taifa la Burundi, kikatumika shuleni, redioni na serikalini, ilhali Kihangaza kilibaki upande wa mpaka ambako dhima hizo zilibebwa na Kiswahili. Laiti Bugufi ingerudishwa Burundi kama Gisaka ilivyorudishwa Rwanda, kuna uwezekano mkubwa kwamba usemi wa Wahangaza ungehesabiwa leo kuwa lahaja ya Kirundi, na kitambulishi chake kingekuwa rn. Mstari uliochorwa baada ya mwaka 1919 unaweza kusomwa hadi leo katika idadi ya herufi.

Mlango wa herufi mbili nao umefungwa. Lugha iliyokwisha kupata herufi tatu katika viwango vya ISO haipewi tena herufi mbili, kwa kuwa kubadili jina kungevuruga data zilizokwisha kuandikwa.

Jambo jingine linalowahusu wanaisimu wa Kibantu ni namna viwango hivi vilivyoshughulikia kiambishi cha ngeli. Swahili, Rundi, Shubi na Hangaza vimeingizwa kwa shina tupu, kufuatana na desturi ya Kiingereza ya kitaaluma. Lakini Kinyarwanda kina kin, chenye kiambishi ki-, na wakati huohuo rw, isiyo nacho. Luganda ina lg na lug, zote zikianza na konsonanti ya kiambishi lu-. Kiambishi chenyewe ki-, ambacho kwa msemaji wa Kiswahili ndicho kinachotangaza kwamba linalofuata ni jina la lugha, kimekuwa kitambulishi cha Kikuyu. Mchanganyiko huu unaonesha kwamba waliochagua herufi hawakuongozwa na nadharia moja kuhusu muundo wa jina la Kibantu. Waliyapokea majina kama yalivyokuwa yamezoeleka katika kadi za maktaba.

6.0 Konsonanti Moja, Lugha Mbili: suj na xsj

Mfano wa Biharamulo unaonesha hatari nyingine. Kishubi cha Ngara na Kisubi cha Biharamulo vina majina yanayotofautiana kwa konsonanti moja tu, sh na s. Katika maandishi ya wageni majina hayo yalichanganywa mara kwa mara, na matoleo ya awali ya Ethnologue yaliorodhesha Subi kama jina jingine la Shubi. Kwa mashine, Ngara na Biharamulo zilikuwa na lugha moja, suj.

Historia ya tawala iliyoelezwa katika sehemu ya tatu inatia shaka muungano huo. Bushubi iliangalia magharibi, kuelekea Burundi, na Rusubi ilitokana na Wazinza na kuangalia mashariki, kuelekea ziwa. Kufanana kwa majina si ushahidi wa kufanana kwa lugha. Kiwango cha ISO 639-3 kiliwahi kuwa na xsj kwa ajili ya Kisubi na suj kwa Kishubi, lakini baadaye xsj iliondolewa na kuunganishwa na suj. Marekebisho hayo ni ushahidi kwamba orodha hii, tofauti na ile ya herufi mbili, inaweza kusahihishwa: utaratibu wake unaruhusu mtu yeyote kuwasilisha ombi la kuongeza, kugawa au kuunganisha lugha, na maombi hujadiliwa hadharani.

Hata hivyo, marekebisho hayasafishi ya nyuma. Kumbukumbu zilizoandikwa suj zinaweza kuwa za Kishubi au za Kisubi, na mashine haina njia ya kuzitenganisha. Anayechunguza data za zamani analazimika kuuliza zilikusanywa wilaya gani.

7.0 Nchi na Saa

Vifupisho vya lugha havisafiri peke yake katika mfumo endeshi, bali hufuatana na kifupisho cha nchi na cha majira. TZ iliingia katika kiwango cha ISO 3166, kilichotolewa mwaka 1974, miaka kumi baada ya Muungano. Kwa bahati, herufi hizo mbili zinahifadhi pande zote mbili za Muungano, Tanganyika na Zanzibar. Lakini katika Unix TZ ni pia jina la kigezo kinachobeba majira ya saa, kutokana na maneno ya Kiingereza. Hivyo mtumiaji wa Ngara huweza kuandika TZ mara mbili katika mpangilio mmoja: mara ya kwanza kwa maana ya majira, mara ya pili, ndani ya sw_TZ, kwa maana ya nchi.

Hazina ya majira inayotumiwa na mifumo mingi, iliyoasisiwa na Arthur David Olson katika miaka ya 1980, ina faili liitwalo africa. Faili hilo lilihitaji kifupisho kwa kila kipindi cha historia, zikiwamo nyakati ambapo saa rasmi za Afrika Mashariki ya Kiingereza zilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa mbili na nusu, au mbili na dakika 45. Kwa kuwa vifupisho vya vipindi hivyo havikuwapo, mtunzaji wa faili alivibuni: BEAT na BEAUT. Maelezo yaliyomo ndani ya msimbo yalikiri waziwazi kwamba vilibuniwa, na yakaomba masahihisho. Baadaye vifupisho hivyo viliondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na tarakimu, +0230 na +0245. Ungamo la aina hii ni nadra katika orodha za lugha, na linampa mwanahistoria kitu ambacho herufi kama suj haziwezi kumpa: sababu iliyoandikwa na mwenye kuchagua.

Kwa Ngara, EAT nayo ni jina linalotoka mbali. Wilaya hiyo iko karibu na longitudo 30 na nusu mashariki, na jua lake huchelewa kwa takriban dakika 35 nyuma ya lile la Dar es Salaam. Majirani wa Rwanda na Burundi hufuata CAT, iliyo nyuma kwa saa moja. Saa, kama lugha, hufuata mji mkuu.

8.0 Jina Bila Mwili

Kuwa na kitambulishi si sawa na kuwa na nafasi katika mfumo endeshi. Hazina ya CLDR, inayotoa majina ya siku, miezi na nchi kwa mifumo mingi, ilipofika mwanzoni mwa miaka ya 2010 ilikuwa na mafaili ya lugha kadhaa za Tanzania mbali na Kiswahili: Kipare (asa), Kibena (bez), Kimachame (jmc), Kishambala (ksb), Kirangi (lag) na Kisangu (sbp), miongoni mwa nyingine. Kirundi na Kinyarwanda vilikuwamo pia. Kihangaza, Kishubi na Kisubi havikuwamo.

Athari yake ni ya kivitendo. Mfumo wa jamii ya Unix unapoombwa lugha usiyoijua, hurudi katika mpangilio wa msingi uitwao C, yaani desturi za Kiingereza cha Marekani. Hauendi kwa Kirundi, ndugu wa karibu, wala kwa Kiswahili, lugha ya taifa, kwa sababu herufi han hazina udugu ndani yake. Ile taarifa iliyokuwamo katika D65 imepotea. Vivyo hivyo, programu ya kutambua lugha ya maandishi huchagua miongoni mwa majina iliyofundishwa tu. Ikiwa imefundishwa rn na haijafundishwa han, maandishi ya Kihangaza yana kila sababu ya kuhesabiwa kuwa Kirundi, na wasemaji wake kutoweka katika takwimu bila mtu yeyote kukusudia.

Msimbo wenyewe, hata hivyo, unatoa njia ya kutokea. Katika mifumo ya GNU, kigezo LANGUAGE huruhusu orodha ya lugha kwa mfuatano wa upendeleo. Mtumiaji aliyechagua sw_TZ anaweza kuandika han:sw, ili ujumbe ambao haujatafsiriwa kwa Kihangaza uoneshwe kwa Kiswahili. Mpangilio huo unalingana na hali halisi ya matumizi ya lugha Ngara, na pia na Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997, iliyozitambua lugha za jamii kuwa hazina ya kukikuza Kiswahili na kuhimiza ziandikiwe kamusi na vitabu vya sarufi.

9.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha mambo matatu. Kwanza, ufupi wa majina katika mifumo endeshi ulitokana na teletaipu, nafasi finyu ya faili na programu za kuunganisha msimbo, na uliendelea kwa sababu ya utegemezi baada ya mahitaji hayo kwisha. Pili, mgawanyo wa majina hayo kwa lugha ulifuata mipaka ya baada ya mwaka 1919, idadi ya vitabu maktabani na mahitaji ya wafasiri wa Biblia. Herufi mbili za rn na herufi tatu za han zinapima tofauti ya hadhi ya kisiasa, wala hazipimi umbali wa kiisimu. Tatu, majina yaliyopatikana kwa njia hiyo hayawezi kubadilishwa kwa urahisi, lakini yanaweza kuunganishwa, kufafanuliwa na kujazwa, kama mfano wa suj na xsj unavyothibitisha.

Kazi iliyobaki ni ya wanaisimu zaidi kuliko ya mafundi. Faili la msingi la lugha katika CLDR linahitaji tahajia iliyokubaliwa, majina ya siku saba na ya miezi kumi na miwili, namna ya kuandika tarehe, na majina ya lugha na nchi. Hayo ni mambo yanayoweza kukusanywa na wanafunzi wa uzamili wachache wakishirikiana na wazee na walimu wa Ngara na Biharamulo. Kabla ya hapo unahitajika utafiti wa kilahaja wa kubaini Kishubi kinaishia wapi na Kisubi kinaanzia wapi, kwa sababu kila faili litakaloandikwa kwa jina lisilo lake litaongeza data ambazo watafiti wa baadaye watashindwa kuzitenganisha.